Mimi na Baba Mukwe Tukitafuta Pa Kula Japani

Tangu nirudi siwezi kupita barabara yetu ya Kamalondo bila kuitwa. "We! Kuja hapa! Kweli mulifika Japani? Kule banakulaka nini?" Hakuna anayeniuliza bahari ilikuwaje, wala viwanda vya nguo, ambavyo ndivyo vilitupeleka. Wote mnataka habari za tumbo. Halafu wengine wenu mnaniuliza la pili, kwa sauti ya chini, mkichungulia nyuma yangu kama mwenyewe yupo: "Na muzee je? Mulikuwa munakulaje naye?" Haya, kaeni. Nawaeleza mara moja, nisije nikairudia kwenye kila mlango.

Kwa asiyetujua: mimi nauza vitambaa katika magazini, lile duka kubwa la Bwana Yani, yule Mgiriki wa mjini Elisabethville. Baba Feliksi, baba wa mke wangu Bernadeta, ni fundi wa kushona. Bwana Yani alitaka vitambaa vya Japani kwa bei ya kiwandani, lakini aliogopa kurudi na rangi ambazo mama zenu hawatazigusa hata kwa kidole. Kwa hiyo akambeba baba mukwe awe jicho lake. Mimi akanibeba niwe mdomo, maana baba mukwe anasikia Kifaransa chote ila hapendi kukisema.

Sasa, kwetu sisi watu wa kaskazini, mukwe hali mbele ya wakwe zake, nao hawali mbele yake. Ni heshima. Mambo yanabaki hivyo mpaka siku mama mukwe apike vyakula vyote vya nyumba yake, avipange, avifunue kimoja kimoja mbele ya mukwe na kumwambia: hiki ni chakula chetu, kula, wewe ni mtoto wetu sasa. Baada ya siku hiyo meza inakuwa moja. Mama Monika, mama mukwe wangu, alikufa kabla ya kunipikia. Dada yake aliye Kilwa, hii yetu ya ziwani, si ile ya pwani, angeweza kumshikia nafasi, lakini barabara ya Kilwa mnaijua, na miguu ya yule mama imechoka. "Tutangoja," alisema baba mukwe. Tukangoja. Tumezaa, watoto wameanza shule, tunangoja. Krismasi anakuja kwetu, anawabeba wajukuu, anaimba nao, na chakula kikianza kunukia anachukua kofia yake anaenda. Bernadeta anabaki mlangoni akiutazama mgongo wa baba yake.

Siku ya kuondoka alinishika mkono wa koti pale kwenye gare, treni ikitungoja. "Miye sitaki kitambaa," akasema. "Sitaki kitu yoyote ya Japani. Wewe na baba mukakule pamoja. Kama munarudia bila kukula pamoja huko kote, basi nitajua haitakuwa tena hata siku moja. Baba anazeeka." Nikamwambia nitajaribu. Moyoni sikujua hata nitaanzia wapi.

Katika treni, mpaka Beira

Njia inapita Sakania, inaingia Rhodesia, halafu inakwenda inakwenda, miti na vichuguu, miti na vichuguu, hadi unaanza kuhisi ni wewe umesimama na pori ndilo linapita. Bwana Yani alikaa mbele na Wazungu wenzake. Sisi tulikaa nyuma, mimi na baba mukwe, kwenye benchi moja, magoti yetu yakigusana.

Tuliupanga utaratibu bila kuuzungumza. Akifungua kifurushi chake, mimi nilikwenda kusimama mwisho wa behewa na kutazama reli zikikimbia nyuma. Nikifungua changu, yeye alitoa rozari, akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka asikie nimekunja karatasi. Yule mzee amesali rozari nyingi sana kwa ajili ya mayai yangu ya kuchemsha.

Kwenye kituo kimoja cha Rhodesia treni ilikaa. Ilikaa mpaka watu wakashuka wakaanza kufua nguo. Mama mmoja mjane, aliyekuwa akienda kwa mtoto wake na kuku wa kuchoma ndani ya kikapu, alikuwa ametutazama safari nzima. Alidhani tumegombana. Akakata kuku, akaweka vipande kwenye sahani moja, akaisukuma katikati yetu. "Kuleni pamoja, yaishe hayo maneno," akasema. "Mtu na baba yake hawagombani njiani."

Baba mukwe alimshukuru kwa mikono miwili. Kisha akainuka, akavaa kofia, akashuka na kutembea kando ya reli juani, mbali, mbali, mpaka akawa mdogo kama kidole. Nilivila vipande vyote peke yangu na kila kipande kilinikwama. Mama yule alitikisa kichwa akaniambia kumbe mimi ndiye niliyekosa.

Mbele kidogo kulikuwa na restora ya kituo, nyumba ya kula, ila watu weusi tulipewa mkate kupitia dirisha la nyuma, karibu na takataka. Mimi nilikasirika, niliongea sana. Baba mukwe alichukua mkate wake, akaukagua, akasema, "Dirisha hii iko muzuri. Hatuonane." Sijui kama alikuwa ananichekesha au anajificha.

Baharini

Beira tulingoja meli mpaka Bwana Yani akaanza kuongea peke yake kwa Kigiriki. Ilipokuja ilikuwa meli ya Wajapani, nyeupe, imechoka, inanuka rangi na samaki.

Jamani, bahari. Mimi nilizaliwa penye vumbi jekundu, maji mengi niliyoyajua ni ya mvua. Kule asubuhi unaamka maji, mchana maji, na mbingu imelala juu yake hata hujui mshono uko wapi. Siku zilipoteza majina. Nilikuwa nikikaa juu ya kamba zilizoviringishwa, jua limefunikwa na ukungu wa joto, nikisikia injini ikisema neno lilelile, na mara nyingi sikuwa na hakika kama niko macho. Nilimwona Bernadeta akitandika meza juu ya maji. Niliona vizuri hata ile sahani yenye ufa. Halafu samaki wadogo wanaoruka walipita katikati ya meza, na meza ikaondoka.

Baba mukwe aliugua bahari, nami nikamfuata. Tulishikilia chuma kilekile cha meli tukatapika bega kwa bega kama ndugu wa damu. Desturi inakataza tusionane tukila. Kuhusu kutapika haisemi kitu, na mzee mwenyewe, alipopata nguvu ya kuongea, aliliona hilo. "Mukwe," akasema, uso umekuwa wa kijivu, "hapa hakuna makosa." Nilicheka mpaka nikatapika tena. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifanya mchezo na mimi, na nilitamani Bernadeta awe pale asikie.

Kobe, tukisoma mapazia

Tulifika Kobe katika mvua. Si mvua ya kwetu inayokuja na hasira na kwisha. Ni mvua nyembamba, ya kimya, inayokaa mjini kama mpangaji. Milima ilikuwa nyuma ya nyumba, imefunikwa mawingu hadi mabegani. Watu walipita na miavuli ya karatasi yenye mafuta, viatu vya mbao vikigonga. Sehemu nyingine zilikuwa tupu bado, zilizoungua wakati wa vita, majani yameota. Hakuna aliyetupigia kelele. Walitutazama, ndiyo, tena bila kuchoka, lakini kwenye kila mlango tuliposimama mtu aliinama na kutukaribisha, na mlango ulikuwa wa mbele. Mara ya kwanza baba mukwe aligeuka kutazama nani yuko nyuma yetu.

Kazi ya kuchagua pa kula alipewa nani? Mimi, bila shaka. Na kazi hiyo, ndugu zangu, si mchezo. Bwana Yani alitaka nyama, kisu na uma, na bei isimtoe machozi, maana mkono wake mnaujua ulivyofungwa. Baba mukwe hakujali bei wala ladha, alitaka ukuta kati yake na mimi. Mimi nilitaka kushiba. Tafuteni ninyi restora inayowafaa watu watatu wa namna hiyo, mvua inanyesha, na hamjui kusoma hata herufi moja ya mlangoni.

Baba mukwe ndiye aliyegundua mapazia. Kila nyumba ya kula kule ina pazia fupi mlangoni, limepasuliwa katikati, na unainama kupita. Mimi niliona mapazia tu. Yeye alisimama, akashika pindo, akalisugua kwa vidole viwili, akachungulia mshono. "Hapa hapana," alisema mahali pa kwanza. "Pazia ni mupya, iko ya kujionyesha. Batatupandishia bei." Mahali pa pili pazia lilikuwa limepauka hadi buluu yake ikawa kama maziwa, lakini limefuliwa, na mahali pa mikono pameisha kwa kushikwa. "Hapa," akasema. "Bantu banaingia kila siku, na mwenye nyumba anafua. Sufuria yake nayo ataiacha chafu?" Tukaingia. Ilikuwa nyumba ya tambi nene, nyeupe, katika mchuzi wa moto, bei ya mtu maskini. Wenyeji walizivuta kwa sauti kubwa bila haya. Na katikati palikuwa na ubao wa kugawa chumba. Baba mukwe upande ule, mimi upande huu, kila mtu na bakuli lake, mvuke wetu ukipanda na kuchanganyika juu ya ubao. Nilimsikia akizivuta naye. Alivuta taratibu, kwa aibu, halafu kwa nguvu.

Basi mkienda, na mfuko ni mwembamba, tafuteni tambi. Mwenye hamu ya nyumbani atafute harufu ya mkunga, samaki mrefu kama nyoka, wanamchoma juu ya makaa na kumpaka kitu kitamu cheusi. Ni bei ya juu kidogo, lakini ukifumba macho uko kando ya mto kwenu na mtu amechoma kambale. Anayetaka kisu na uma aende karibu na bandari, kuna nyama ya kusagwa iliyokaangwa na kabichi mbichi, Bwana Yani alikula hiyo mpaka ikawa wakiniona mimi tu wanaanza kuikaanga. Samaki mbichi nilimwonja. Analala ulimini baridi, laini, na hana kosa lolote, ila akili yangu ilikataa kumshusha. Na chai yao ni ya majani mabichi, haina sukari. Usiulize sukari, wanasikitika.

Jambo jingine, soksi. Kule katika nyumba nzuri nyingi unavua viatu. Bwana Yani alivua vyake na dole gumba likatoka nje kusalimia watu. Baba mukwe hakucheka. Alimkalisha patron, bosi wetu, kwenye ngazi, akatoa sindano kwenye ukosi wa koti, akaliziba tundu palepale mguuni. Tangu siku hiyo, kabla ya kuangalia bei, tulikagua soksi za Bwana Yani.

Siku zikawa zinakwenda hivyo, pazia kwa pazia, na kila mara nilichagua mahali penye ubao, au nguzo, au kona mbili. Nilikuwa hodari sana wa kazi yangu. Jioni moja nikatambua kwamba ninaifanya kinyume. Bernadeta aliniomba meza moja, nami nimemtafutia baba yake kuta katika mji mzima.

Ukuta wa karatasi

Nyumba tuliyolala ilikuwa ya mikeka, haina vitanda, na kuta zake ni karatasi kwenye fremu za mbao zinazoteleza. Mchana mwanga ulipita ndani yake mweupe na mlegevu, hata ungefikiri unaishi ndani ya yai. Baba mukwe aliipenda. Chumba chake kilikuwa upande mmoja wa karatasi, changu upande mwingine. Mama wa makamo aliyetuhudumia alileta chakula kwa kila mmoja kwenye meza ndogo ya miguu mifupi, akaenda akirudi nyumanyuma.

Mama yule alikuwa na roho nzuri. Nalisema hili kwanza, msije mkamlaumu. Kwa siku kadhaa alitutazama, watu wawili kutoka mbali, kila mmoja anakula peke yake na ukuta. Nafikiri tulimtia huruma moyoni. Mchana mmoja tukiwa katikati ya chakula, nilisikia nyayo zake, akapiga magoti kwenye kijia, akasema neno zuri, akashika ukuta kwa mikono miwili na kuutelezesha wote mpaka mwisho.

Aka! Mungu wangu! Baba mukwe alikuwa ameinua bakuli, tambi ziko nusu ndani nusu nje. Mimi shavu limejaa wali. Macho yetu yalikutana. Mama yule alitabasamu katikati yetu, mikono imefunguka, kama mtu aliyeleta zawadi.

Mzee hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliweka bakuli chini, akageuka, akakaa na uso wake ukutani, na mabega yake yakashuka. Nilimeza wali bila kutafuna. "Baba," nikasema, "munisamehe. Si mimi." Nikamwomba yule mama kwa ishara afunge, naye akafunga, machozi yanamlenga, hajui alichovunja.

Jioni hakula. Asubuhi hakula, alikunywa chai tu. Kupitia karatasi nilimsikia akisema, si kwangu, akisema na marehemu mke wake kama anavyofanya akiwa peke yake: "Monika, nimekula mbele yake pasipo wewe. Kitu ulikuwa unaniachia niichunge, nimeiharibu. Nitarudia nyumbani, nitakaa kwangu." Nilielewa maana ya huko kukaa kwake. Ni kwamba hata Krismasi hatakuja tena. Nililala juu ya mkeka ule, mchana kweupe, mvua inagonga vigae, na nililia kwa kuumia kabisa. Tulikuwa tumevuka dunia nzima na sasa tuko mbali kuliko tulivyokuwa Kamalondo.

Osaka, ghorofa ya juu

Kesho yake ilikuwa siku ya viwanda, Osaka, si mbali kwa treni. Baba mukwe alifanya kazi yake. Vitambaa vilifunuliwa mbele yake kama mito, naye alivigusa: hiki ndiyo, hiki hapana, hiki mama wa Kamalondo watakivaa Pasaka. Yote kwa mkono, bila sauti. Mimi hakunitazama hata mara moja.

Tulipotoka nje Bwana Yani alinisogeza pembeni. "Mmegombana nini ninyi wawili?" aliniuliza kwa Kifaransa chake cha dukani. "Tangu Elisabethville nawaona. Huyu hapa, yule pale. Nimechoka! Leo mtakula meza moja, mbele ya macho yangu." Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshatembea.

Akatupeleka katika magazini moja kubwa, ghorofa juu ya ghorofa, inauza kila kitu kuanzia sindano hadi piano. Chumba cha chuma kilituinua mpaka juu kabisa. Milango ikafunguka, ikaja harufu ya mchuzi, na mwanga mweupe wa mvua kutoka madirisha makubwa, na mji wote chini, paa mpya na paa zilizoungua, vyote vimefifia kama vimechorwa kwa maji. Kinamama waliovaa vizuri walipita na watoto wao. Na mlangoni mwa restora palisimama kabati la kioo, kubwa kama altare ya kanisa, na ndani yake, kwenye ngazi za kitambaa cheupe, vyakula. Wali. Samaki. Mayai. Tambi. Supu yenye mvuke uliosimama. Vyote wazi, vimepangwa, vinang'aa, hakuna kifuniko hata kimoja.

Baba mukwe alisimama ghafla. Akavua kofia. Akanishika kiwiko na kunivuta nyuma.

"Usiangalie," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu ukuta ule ufunguliwe. "Hapa leo iko mukwe."

"Wapi, Baba?"

"Hauone? Banamuonyesha chakula. Byote bimefunuliwa. Si ya kwetu hii. Tungoje bamalize."

Akanigeuza. Tukasimama hivyo, migongo yetu kwa kabati, kofia mikononi, tukitazama duka la vyombo ng'ambo. Watu walitupita. Mtoto mmoja wa kike naye akageuka, akasimama nasi, mpaka mama yake alipomvuta. Nilijua pale hapakuwa na mukwe wala arusi. Lakini mzee alikuwa ameshika kiwiko changu, na sikutaka aniachie.

"Mnafanya nini?" Bwana Yani aliuliza.

Ndipo nilipomweleza. Yote: Mama Monika, vyakula visivyopikwa, Kilwa, ukuta wa karatasi. Miaka yote nimefanya kazi kwake na sikuwahi kumwambia. Alinisikiliza mdomo wazi. "Kumbe hamkugombana?"

"Hapana, patron. Tunaheshimiana."

Akapangusa uso kwa leso. Halafu akatazama kabati na kutikisa kichwa. "Lakini mwambie si chakula kile. Ni nta. Ni mshumaa tu, wameupaka rangi. Ni vya kuonyesha watu wachague, haviliwi."

Baba mukwe aliyasikia maneno yale kabla sijamgeuzia. Aligeuka polepole. Wakati huohuo mhudumu mmoja akatoka ndani, mama mwenye mvi, aproni nyeupe imepigwa pasi. Alituinamia. Kisha akafungua kiganja chake kuelekea kabati, na kuelekea kwangu, akasubiri. Kazi yake ni hiyo, kuwauliza wageni wanataka nini. Baba mukwe alikitazama kiganja kile kwa muda mrefu sana.

"Mushumaa?" akaniuliza.

"Ndiyo, Baba. Ni ya kuonyesha tu."

"Siku ya bafu, siku ya benye balikufa," akasema, "kwa kaburi ya Monika, tunabebaka nini?"

"Mushumaa, Baba."

"Muntu mwenye amekufa, akipika, atapika na nini tena?"

Aliweka kofia kifuani, akaenda kusimama kando ya yule mama wa aproni, upande wa kioo, na kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisikia kanisani tu, akaanza.

"Mukwe, karibia. Monika anakuonyesha. Hii wali, ya Krismasi, utakula. Hii samaki, ya kwao kule kwenye mutoni, utakula. Hii mayai, usiogope, utakula. Hii," akainama kuona vizuri, "jina yake sijue, lakini kama iko kwa nyumba yetu, utakula." Alifika kwa samaki mbichi akasita. "Hii nayo, kama unaweza." Bwana Yani alikuwa ameshavua kofia yake. Mama wa aproni hakuelewa neno, lakini kila mzee aliponyoosha kidole, naye alisogeza kiganja chake kulekule na kuinama kidogo.

"Byote umeona?"

"Byote nimeona, Baba."

"Basi hauko mugeni. Uko mutoto yangu. Ningoje nani tena? Nilikuwa nangojaka mwenye atapika, kumbe nilikuwa naogopa. Niliona tukimaliza hii, Monika naye atakuwa amekwisha kabisa." Machozi yalimshuka na hakuyapangusa. "Twende tukule, njaa itaniua."

Bwana Yani alikataa kukaa nasi. "Meza hii ni yenu," alisema, akaenda kujibana mezani peke yake karibu na dirisha, akaagiza nyama yake ya kukaanga, na bei ya chakula chetu hakuiuliza. Sisi tukaletewa sufuria moja juu ya moto mdogo, nyama na vitunguu vinachemka humo, mabakuli mawili ya wali, na katikati hapakuwa na ubao wala nguzo. Nilikaa mbele yake. Sikujua macho niyaweke wapi. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona anavyotafuna.

Baba mukwe alichukua vijiti, akatoa kipande cha nyama kwenye sufuria, kikubwa, akakiweka juu ya wali wangu.

"Kula," akasema.

Nikatia mdomoni. Hakugeuza uso.